Kofia ya Babu Mwazembe

Lusubilo alikuwa hajamaliza chapati yake kwa mama ntilie wa maegesho ya malori, Tunduma, alipomwona mzee mmoja mwenye koti la heshima akinunua chombo cha kunyweshea kuku. Chombo chenyewe kilikuwa kofia ya chuma ya vita, yenye kutu na bonde ubavuni. Dereva mmoja wa Zambia alikuwa ameiweka chini ya lori lake, mbele ya tenga la kuku. Mzee aliinama, akaitazama, akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Kisha akatoa noti bila kuomba punguzo. Maji ya kuku yakamwagwa chini, na mzee akaondoka ameibeba ile kofia kwa mikono miwili, kama mtu aliyeombwa amshikie jirani mtoto mchanga.

Lusubilo aliiacha chapati. Kwa mtu wa kazi yake, mtu mzima anayebeba kitu kibovu kwa mikono miwili ni habari njema kuliko mshahara.

Kazi yake haikuwa na jina moja. Aliwahi kuwauzia madereva karatasi za kuruka foleni ya mpakani, nao wakabaki kwenye foleni wameshika karatasi. Aliwahi kumuuzia mfanyabiashara wa Lusaka jiwe la dhahabu kutoka Galula, na dhahabu ilikuwepo kweli, ila ilikuwa haijakauka vizuri. Mfuko wa mtu hakuwahi kuugusa. Watu walimpa wenyewe, na wengine walimpa kwa kumbembeleza apokee.

Alichojivunia kuliko yote ni kwamba hakuwa na ndugu. Walikuwepo, huko Isongole, lakini alikuwa amebadili namba ya simu mara nyingi kiasi kwamba hata misiba ilishindwa kumpata. Hakuchangia harusi. Hakulala matangani. Hakuna aliyewahi kumwita akasuluhishe ugomvi wa shamba. Aliishi chumba kimoja mtaa wa Sogea, na ndoto yake ilikuwa kupata mpango mmoja mkubwa, avuke mpaka, afungue duka la simu Nakonde na asilisikie tena neno ukoo. Hata kufa alikuwa amepanga afe peke yake, bila kusumbuliwa na watu wa kumwombolezea.

Kufikia mchana alikuwa ameshajua kwamba mzee yule anaitwa Makene. Alikuwa mfugaji wa bondeni Momba aliyeuza sehemu kubwa ya ng'ombe wake uzeeni na kujenga Mpemba. Nyumbani kwake kulikuwa na chumba ambacho hakuna aliyeruhusiwa kukifagia isipokuwa yeye, na kilijaa kofia za vita. Majirani walidhani anaelekea kurukwa na akili. Mkewe alisema kama ni kurukwa, kofia zina nafuu kuliko mke wa pili.

Lusubilo alikwenda mitumbani. Katika marobota ya nguo za baridi aliibua kofia moja ngumu, nyeupe, ya kukinga jua, ya aina wanayovaa wazungu kwenye picha za zamani. Aliichovya kwenye chai ya rangi. Aliining'iniza juu ya moto wa mwanamke anayekausha samaki. Aliilaza kwenye samadi, akaisamehe, akaitoa. Mwisho akashonea mbele kifungo kikubwa cha koti chenye kichwa cha simba, na hapo hata yeye mwenyewe alijisikia kuipigia saluti.

Makene alimpokea sebuleni. Lusubilo alitoa shikamoo ya mtu aliyelelewa vizuri, kisha akasimulia kwa huzuni ya kadiri jinsi babu yake alivyoiokota kofia hiyo kando ya mto Songwe, juu ya kaburi la kapteni Mwingereza.

Mzee hakumtazama simba hata kidogo. Aliipima kofia uzito kiganjani. Akaigeuza juu chini, akaingiza pua ndani yake kama mpishi anayetaka kujua maharage ya jana kama bado yanalika. Akapitisha kidole chini ya ukanda wa ndani, polepole, mzunguko mzima.

"Kapteni alikufa kwa nini?" akauliza.

"Homa, mzee."

"Pole yake. Alipenda sana samaki."

Lusubilo akaanza kupima kwa jicho umbali wa kuufikia mlango. Lakini Makene hakuwa amekasirika. Alimwambia akae, kwamba amejitahidi, na kwamba vijana wengi siku hizi hata moto hawawashi. Kisha akamchukua mpaka kwenye kile chumba.

Kofia zilikuwa zimepangwa rafuni, kila moja juu ya kibuyu ili isipoteze umbo. Makene alizizungumzia akiwa amezipa mgongo, bila kuzigusa, mpaka aliponawa mikono na kuikausha.

"Wewe umeanza na nembo," alisema. "Kila anayeghushi huanza na nembo, kwa sababu ndiyo mnunuzi mjinga huangalia kwanza. Kofia unaanza nayo ndani. Nje ni ya serikali. Ndani ni ya mtu."

Akashusha kofia ya jua, ya kweli hii. Ilikuwa nyepesi, maana iliundwa kwa kiini cha mmea laini kama kiini cha bua la mtama, na kitambaa chake kilishonwa vipande vipande vikakutana utosini. Nembo ilikuwa imeng'olewa zamani. Lakini pale ilipokaa palikuwa pamebaki matundu ya sindano na duara dogo la rangi ya asili, mahali ambapo jua halikufika. Makene akasema nembo ya kweli huacha kivuli chake hata ikiondoka, na ya uongo huondoka na kila kitu. Akamwonyesha ukanda wa ngozi uliokuwa mweusi zaidi upande wa paji la uso, kwa sababu huko ndiko mtu hutoka jasho akiwa na hofu. Akashusha tarabushi jekundu la askari wa Mwingereza, akamwonyesha bitana iliyochanika na kushonwa kwa uzi wa rangi nyingine, kwa mkono wa mtu mwenye haraka.

"Huyu alishona mwenyewe, na kesho yake alikuwa anasafiri," alisema mzee. "Chai unaweza kupaka. Moshi unaweza kufukiza. Jasho halighushiwi."

Lusubilo alisikiliza kwa uso wa mjukuu na kichwa cha mtu wa hesabu. Alikuwa ameshaona kwamba kwenye rafu kuna kibuyu kimoja kitupu, akauliza hicho kinamsubiri nani.

Makene alishusha pumzi. Kinaisubiri kofia ya askari wa Mjerumani, alisema. Ya kaki, umbo la tarabushi, lakini ukiigeuza unakuta ndani ni kikapu cha matete yaliyosukwa. Nyuma ina kitambaa cha kufunika shingo, mbele ina ndege tai wa bati. Alijua iko moja tu karibu, Hasamba, kwa Bibi Atuganile wa ukoo wa Mwazembe. Ilikuwa ya babu wa ukoo ule. Yeye Makene ameshafukuzwa pale zaidi ya mara moja.

"Hauzi," alisema, akipangusa rafu na kumpa Lusubilo mgongo. "Fedha zinamkera. Kitu pekee anachosikiliza yule bibi ni ndoto."

Kisha, bado amempa mgongo, akataja kiasi ambacho yeye angetoa. Lusubilo aliliona duka la Nakonde likifunguka milango yote miwili, na kengele ikilia.

Alimkuta Bibi Atuganile uani kwake, Hasamba, akigeuza kahawa kwenye chanja. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye kilemba kilichofungwa kwa nia ya kutofunguka. Lusubilo alivua viatu mbali kidogo. Alitoa shikamoo, akakaa chini kabisa, kwenye udongo, na akalia. Kulia lilikuwa jambo alilolifanya vizuri. Hakupiga kelele, aliacha machozi yatoke kama yanamsumbua.

Akasema haijui Hasamba, hajui kwa nini yuko hapa. Kuna mzee anamjia usingizini. Ana tai kwenye paji la uso. Anasimama mwisho wa shamba la kahawa na kumwita kwa jina lake: Lusubilo, njoo unipokee. Anachechemea.

Bibi aliendelea kugeuza kahawa. "Mguu upi?"

"Wa kushoto," alisema Lusubilo, maana mtu anayesita hana ndoto.

Mkono wa bibi ukasimama. "Ameshika nini?"

Askari hushika bunduki, na mpumbavu angesema bunduki. Lusubilo hakuwa mpumbavu. Aliona jicho la bibi likiteleza kidogo, kidogo sana, kuelekea jikoni, na likarudi.

"Sikukiona vizuri, Bibi. Sijui kwa nini nasema hivi. Kilikuwa kama mwiko."

Bibi Atuganile aliketi kwenye ukingo wa chanja. Kisha akamwambia jambo ambalo, alisema, halijawahi kutoka nje ya ukoo. Babu Mwazembe hakupiga risasi hata moja katika vita vile. Alikuwa mpishi. Kofia aliipata kwa askari mmoja aliyekuwa anatoroka, akambadilishia kwa mahindi ya kuchoma, akarudi nayo nyumbani na kusimulia vita mpaka alipozeeka. Hakuna aliyebisha. Tangu hapo, kila mkubwa wa ukoo akifa, anayekalia kiti chake huvishwa ile kofia na kuitwa Babu, hata akiwa kijana. Sasa kiti kiko wazi miaka mingi.

Lusubilo alitikisa kichwa kwa uchungu. Moyoni alikuwa anajipongeza kwa lile jambo la mwiko.

Ukoo uliitwa. Mchungaji, ambaye naye ni mjukuu wa Mwazembe, alikubali kwa sharti kwamba watu wataanza kwa sala na kwamba pombe ya ulezi haitakaa karibu na kiti. Ikawekwa nyuma ya nyumba, ambako watu walikwenda kuhakikisha kwamba haijasogea. Lusubilo alikalishwa kwenye kigoda. Alipakwa unga kwenye paji la uso. Bibi Atuganile akafungua kanga iliyokunjwa mara nyingi, akatoa kofia, na tai wa bati akawaka juani. Akamvisha kwa mikono miwili.

Alikuwa ameshajiandaa kwa kila kitu isipokuwa kilichofuata. Walianza kuja mmoja mmoja. Wazee wenye meno machache, ambao wangeweza kumzaa, walipiga magoti na kumwita Babu. Walimweleza habari zao bila kuulizwa: huyu ng'ombe wake amekufa, huyu ana mguu unaowaka usiku. Mwisho alikuja binti mmoja, Ikupa, mchumba wa kijana wa Vwawa. Ndoa yake ilikuwa imekwama kwa sababu wakwe walisema hawawezi kukaa kikao na ukoo usio na mkubwa, na kila msimu walipata sababu mpya ya kuahirisha. Hakusema mengi. Aliweka kichwa chake kwenye goti la Lusubilo.

"Babu," alisema, "umechelewa."

Lusubilo aliweka mkono juu ya kichwa chake. Alijua mkono unapaswa kukaa hapo kwa muda gani ili ionekane vizuri, akauacha ukakaa zaidi.

Jioni ilipokaribia aliomba, kwa lugha ya uangalifu, kama anaweza kwenda na kofia Tunduma. Bibi akasema ni yake, iende popote kichwa chake kiendapo. Ilikuwa rahisi kiasi cha kutia aibu. Juu ya bodaboda alijiambia kwamba wakishavuka kijiji kinachofuata atacheka. Walivuka. Kicheko hakikuja. Alisingizia vumbi.

Asubuhi alikuwa Mpemba kabla Makene hajanywa uji. Mzee alinawa mikono, akakausha, akaipokea kofia. Akaipima kiganjani. Akaigeuza. Akaingiza pua. Kisha akamrudishia.

"Nilikufundisha nini, kijana?"

Hapo tu ndipo Lusubilo alipoitazama ndani, maana tangu jana alikuwa hajaitazama ndani hata mara moja. Matete yalikuwa ya njano, bado yananukia maji ya mto. Kaki ilikuwa ya kaptura ya shule, na tundu la kifungo lilikuwepo bado, limeshonwa. Akamgeuza tai. Mgongoni alikuwa na maandishi ya kopo la mafuta ya kupikia.

Makene alivuta pazia la rafu. Juu ya kile kibuyu kilichokuwa kitupu ilikuwa imekaa kofia nyingine.

Lusubilo aliichukua, na baadaye tu alitambua kwamba aliichukua kwa mikono miwili. Ilikuwa nyepesi kuliko alivyotegemea. Kaki ilikuwa imepauka kote, isipokuwa kivuli cha mabawa pale tai alipolegea na kuning'inia pembeni. Ndani, tete moja lilikuwa limevunjika, likafungwa kwa uzi wa katani. Pete nyeusi ya jasho ilizunguka, nzito zaidi kwenye paji la uso. Na upande wa kulia, mahali ambapo mtu anayeinamia chungu hupata moto, kulikuwa na madoa ya mafuta. Aliinusa. Baada ya miaka yote ile, ilikuwa bado inanuka moshi wa kuni.

"Mpishi," alisema, si kwa mtu yeyote.

"Mpishi," alikubali Makene. "Bibi aliileta mwenyewe jana jioni, kwa bodaboda iliyokuwa nyuma ya yako. Panya walikuwa wameanza kuila na alitaka ikae pakavu."

"Umempa nini?"

"Fedha hakutaka. Alitaka mtu."

Mzee akamweleza kwa upole, kama daktari. Kiti cha Mwazembe kilikuwa kimewashinda wote. Anayekikalia lazima aongee na wakwe, alale kila matanga, asimame kila mpaka wa shamba uliohamishwa. Mjukuu mmoja alikimbilia uchungaji. Mwingine alibadili namba ya simu. Bibi Atuganile akamwambia Makene amtafutie mwongo mzuri asiye na ndugu, na kofia itakuwa yake. Makene aliwaangalia watu wengi kwa muda mrefu pale kwa mama ntilie. Wengi walikuwa nembo tu.

"Ile kofia ya kuku," alisema Lusubilo polepole.

"Ilikuwa yangu. Kuku walikuwa wa dereva."

Lusubilo aliketi. Katika maisha yake yote hakuna aliyewahi kumfanyia jambo kama hilo, na aliumia zaidi kwa kuwa lilikuwa limefanywa vizuri. Akamwambia mzee, kwa heshima zote, kwamba huo ni utapeli. Makene alifikiri kidogo, akasema ndiyo.

Alirudi Sogea akiwa na kofia ya kopo chini ya kwapa na nia ya kufunga mizigo. Mlangoni kwake walikuwa wamekaa watu wa Hasamba. Walikuwa na ndizi, maharage na jogoo. Majirani, ambao kwa miaka yote walimwita Bosi, walishawazoea na walikuwa wanakunywa nao chai. "Babu amekuja," alisema mmoja, na mtaa mzima ukageuka kumtazama babu huyo.

Kazi ikaharibika kuanzia siku hiyo. Huwezi kumweleza dereva habari za kibali cha siri wakati wajukuu wako wawili wamekaa pembeni na wanajitambulisha. Dereva mmoja aliyekuwa ameshaanza kutoa fedha aliziona zile heshima, akazirudisha mfukoni na kumwamkia.

Akaamua kuvuka. Alikwenda Nakonde kwa miguu, mchana kweupe, bila mzigo, kama mtu anayekwenda kununua sukari. Hajafika mbali upande wa pili, mama mmoja aliyekuwa anauza maharage akaacha mizani yake, akapiga magoti na kumwita *bashikulu*, ambalo huko ndilo babu. Walishasikia, alisema. Walifurahi sana. Ukoo wa Mwazembe ulikuwa pande zote mbili tangu kabla ya mpaka, na waliochora mpaka hawakuwauliza. Akampimia Lusubilo maharage ya bure na kumwuliza lini atakuja kwenye msiba wa shemeji yake.

Basi akaenda Hasamba. Mara moja tu, alijiambia, kwa ajili ya yule binti, halafu atapotea kwa njia nyingine.

Wakwe walikuja kutoka Vwawa na msemaji mnene mwenye sauti ya redio. Msemaji alieleza masikitiko yao kwamba safari hii tena mambo hayajakaa sawa: kijana ana kozi, mvua imechelewa, na shangazi mmoja muhimu anaumwa. Lusubilo alikaa kwenye kigoda, tai wa kopo amewaka kwenye paji lake, akamsikiliza mpaka mwisho. Kisha akamwonea huruma. Alimwuliza shangazi anaumwa nini. Akauliza amelazwa wapi. Akasema ukoo mzima wa Mwazembe, wote hawa, utakwenda kesho kumwona, na hautaondoka mpaka apone, na watakula hukohuko.

Msemaji alikunywa maji. Ilionekana kwamba shangazi alikuwa na nafuu. Ilionekana, baada ya muda, kwamba hata ile kozi si ndefu. Kabla ya jua kutua siku ya ndoa ilikuwa imepangwa, na Ikupa, aliyekuwa anasikiliza nyuma ya dirisha, alidondosha sufuria.

Ulipofuata ugomvi wa mpaka wa shamba, alikwenda kuutazama, kwa kuwa alikuwa palepale. Halafu ukaja msiba. Alilala matangani kwa mara ya kwanza tangu awe mtu mzima, kwenye mkeka, kati ya wazee wanaokoroma. Alipoamka kwenda nje na kurudi, aliona kwamba hakuna aliyesogea kuichukua nafasi yake karibu na moto. Waliiacha wazi, yenye umbo lake.

Bibi Atuganile hakumfunga kamba. Alimwambia wazi: siku yoyote atakayoleta mtu mwenye ulimi kuliko wake, yuko huru aende zake. Lusubilo alilichukua jambo hili kwa uzito. Alishuka Tunduma mara kwa mara na kuwakagua watapeli wote wa mpakani, mmoja mmoja. Mmoja alikuwa na maneno mazuri yaliyogandishwa kwa gundi. Mwingine aling'aa mbele, lakini ukimgusa alikuwa mtupu kama debe. Mwingine alifaa, ila alipenda kucheka mwenyewe kabla ya wengine. Kila mara alirudi Hasamba peke yake na kutoa taarifa kwamba bado anatafuta.

Kisha akaja Brayan. Huyu hakuletwa, alikuja mwenyewe, kijana wa shati jeupe aliyesikia mjini kwamba kuna bibi mwenye kofia ya Mjerumani na kwamba mzee mmoja Mpemba hununua. Alivua viatu mbali. Alikaa kwenye udongo. Machozi yake yalitoka kwa staha. Alikuwa na ndoto, na katika ndoto kulikuwa na mzee anayechechemea.

"Mguu upi?" aliuliza Lusubilo kutoka kwenye kigoda chake.

"Wa kushoto, Babu."

"Ameshika nini?"

Bibi Atuganile, aliyekuwa kwenye chanja, aliacha jicho lake liteleze kuelekea jikoni.

"Mwiko," alisema Brayan, na sauti yake ikavunjika mahali panapostahili.

Ilikuwa kazi safi. Hata bibi aliitikia kwa kichwa. Alimgeukia Lusubilo na kumwuliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, vipi huyu.

Lusubilo aliinuka. Alimzunguka yule kijana polepole. Akamtazama ukosi wa shati. Akamwuliza mara ya mwisho alilala matanga ya nani, na Brayan akasita, kwa kuwa hilo hakuwa ameliandaa.

"Nje ni mzuri," alisema Lusubilo. "Mzuri sana. Lakini ndani bado hajatoka jasho."

Akampa chai, akampa maharage, akamlipia bodaboda. Bibi Atuganile aliendelea kugeuza kahawa, ila aliigeuza ileile upande uleule kwa muda mrefu, na kilemba chake kilikuwa kinatikisika.

Makene hufika Hasamba siku moja moja, akipita kutoka mnadani. Husema amekuja kununua kahawa. Safari ya mwisho alinawa mikono kwenye ndoo iliyokuwa mlangoni, akakausha, akaomba aione ile kofia ya kaptura ya shule. Aliipima uzito. Aliigeuza juu chini, akaingiza pua, akapitisha kidole ndani mzunguko mzima. Kidole kilisimama upande wa paji la uso. Akasogea penye mwanga, akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Pale ndani, juu ya kaki mpya, palikuwa pameanza kuingia alama nyeusi, nyembamba kama wanja.

Makene akataja bei, na ilikuwa ya duka zima.

Lusubilo alinyoosha mikono yote miwili na kuichukua kofia yake.

"Haiuzwi, mzee," alisema. "Labda uiote."